Kulala Hosteli Si Aibu. Aibu ni Kulala kwa Fedha ya Mwingine

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti la chama chetu niseme neno ambalo wengi wetu twalinong'ona njiani tukirudi safari, lakini tukifika mkutanoni twalimeza. Neno lenyewe ni habari ya mahali alalapo mtumishi atumwapo kazi nje ya kituo chake. Najua wako watakaokasirika. Na wakasirike, ila nawaomba wasome hadi mwisho kwanza, kisha washike kalamu wanijibu humu humu, si pembeni mwa ofisi.

Si siku nyingi zilizopita tulitumwa watu wanne kwenda Tunduma kwa kazi ya siku tano. Tulifika jua limekwisha kuzama, na baridi ya Juni ya nyanda hizi kila mtu aijua. Malori yalikuwa yamepanga mstari kando ya njia kuu, na kila gesti iliyo karibu na mpaka ilikuwa imejaa. Wenzangu watatu walikwenda hoteli ya ghorofa. Mimi nilikwenda hosteli ya kanisa, nikapewa kitanda katika chumba cha watu wawili, blanketi mbili, na ndoo ya maji ya moto asubuhi. Mwenzangu mmoja alinicheka mbele ya wengine, akasema, "Karani mzima, mwenye meza na muhuri, walala bwenini kama mtoto wa shule?" Nami nikacheka pamoja nao, maana sikuwa na jibu.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuwangoja hotelini kwao. Wawili walilipa, na mmoja wao ilimbidi kukopa kwa mwenziwe ili akamilishe. Yule wa tatu, aliyenicheka, alipofika mezani na kutoa pochi, mwandishi wa hoteli alimwambia kwa upole, "Ya kwako imekwisha kulipwa, bwana." Nani aliyelipa? Alilipa wakala mmoja wa mizigo, ambaye karatasi zake zilikuwa mezani petu juma lile lile. Mwenzangu hakuomba kulipiwa; hilo nalishuhudia. Lakini hakukataa. Alirudisha pochi mfukoni, akatazama sakafu, akatoka. Nasi tuliofuatana naye tulitoka vile vile, kimya. Jumatatu faili la wakala yule lilikuwa juu ya mafaili mengine yote, wala hakuna aliyeuliza limepandaje.

Nami pia nilinyamaza. Hilo ndilo lililonifanya niandike leo.

Wasomaji walio mbali na mpaka yafaa waelewe Tunduma ni mji wa namna gani. Ni mlango wa nchi upande wa Zambia. Ng'ambo ya pili ni Nakonde, na mtu asiye mwenyeji hatambui kwa urahisi mji mmoja unakwisha wapi na mwingine unaanza wapi. Hapa hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam, na hapa hupita reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa Wachina tangu mwaka 1970. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka pwani kwa njia hii, na mafuta, magari na nguo hupanda kwa njia hii hii. Kituo cha forodha cha pamoja kilifunguliwa na marais wa nchi zote mbili mwaka 2019, ili karatasi zikaguliwe mahali pamoja badala ya mara mbili. Tena tangu mkoa wa Songwe ulipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake kuwekwa Vwawa, safari za watumishi zimeongezeka: wa kutoka Vwawa kwenda Tunduma, wa kutoka Chitete, wa kutoka Itumba, na wale wa Mkwajuni wenye njia ndefu kuliko wote.

Basi katika mji huo chumba ni bidhaa. Foleni ya malori ikirefuka, vyumba huadimika. Vyumba vikiadimika, bei hupanda. Na bei ikipanda, mwenye posho ndogo ndiye wa kwanza kusimama nje. Na palipo na mtumishi aliyesimama nje ya mlango asioweza kuulipia, hapo hapo hutokea mtu mwema wa kumlipia. Watu wema wa namna hii hawapungui mpakani. Hawamlipii mkulima wa kahawa aliyetoka Mbozi kumwona mgonjwa wake. Humlipia mwenye muhuri.

Sasa na tuhesabu, maana ukarani ni hesabu. Sitataja shilingi, kwa kuwa bei hubadilika na posho zetu hazilingani vyeo. Tuifanye posho ya usiku mmoja kuwa mafungu 10. Katika safari ile, kitanda changu kilichukua mafungu 2, chakula cha mama lishe mafungu 3, na nauli ndogo ndogo fungu 1. Jumla mafungu 6, yalibaki 4. Kwa usiku nne nilibakiza mafungu 16. Wenzangu, chumba kilichukua mafungu 7, chakula cha humo humo 4, na nauli 1. Jumla 12, nao walikuwa na 10 tu. Kwa usiku nne walipungukiwa mafungu 8. Tofauti kati yangu na wao ni mafungu 24, yaani posho ya siku mbili na karibu nusu. Wote tulifanya kazi moja, kwa siku zile zile, kwa kalamu za rangi moja.

Mtu atasema, "Fedha ni yake, na aitumie apendavyo." La, bwana. Nusu yake ni ya mkewe na watoto wake. Ada katika shule za serikali iliondolewa tangu mwaka 2016 kwa shule za msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne, na sote tulishukuru. Lakini sare haikuondolewa, wala madaftari, wala viatu, wala chakula cha mchana. Na yale mafungu 8 yaliyopunguka hayakutoka hewani. Yalitoka ama katika mshahara ambao ulikuwa na kazi nyingine, ama katika deni, ama katika mfuko wa wakala. Hakuna mfuko wa nne. Wahenga walisema kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Na cha mtumishi kinacholiwa si kuku wala mbuzi, ni sahihi yake.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 twaijua, na ofisi za TAKUKURU twazijua zilipo. Lakini mimi sisemi habari ya kukamatwa. Nasema habari ya mtu aliyekuwa huru siku ya kwanza ya safari, na siku ya tano akawa hawezi kumtazama usoni mtu mmoja mjini. Tangu siku ile kila wakala yule akija ofisini, mwenzangu huinuka kitini kumpokea. Zamani hakuwa akiinuka.

Hoja kubwa ya wapinzani wangu naijua: heshima. Wasema kwamba serikali yaonekana kwa watumishi wake, na kwamba mtumishi akilala kitanda cha chuma chumba kimoja na mtu asiyemjua, serikali imedharauliwa. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haina miguu. Nendeni kwenye mstari wa malori pale Tunduma saa nne ya usiku. Mtaona madereva waliokabidhiwa gari na mzigo wenye thamani ambayo mimi na wewe hatutaipata kwa mshahara wa maisha yetu yote. Dereva hufunga pazia la kitambaa, hujifunika blanketi, hulala kitini mwake. Asubuhi hunawa uso kwa maji ya dumu, huingia forodhani na karatasi zake. Je, nani amepata kusema kwamba dereva yule ameidharau shaba?

Tena wanaoziona hosteli kuwa nyumba za wanyonge hawajui zilikotoka. Ziliundwa na watu kama sisi, wa kalamu na wa mshahara. Mwaka 1844 katika mji wa London, kijana mmoja mwuzaji katika duka la nguo, George Williams, aliwakusanya wenzake wa madukani waliokuwa wakiishi maisha ya taabu katika mji wa wageni; ndipo kikazaliwa chama cha YMCA. Dada yake, YWCA, alifuata mwaka 1855. Hosteli za vijana wasafiri nazo zilianzishwa na mwalimu wa shule wa Kijerumani, Richard Schirrmann. Mwaka 1909 alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake, wakapatwa na dhoruba, wakajihifadhi katika jengo la shule. Naye usiku ule akafikiri, kwa nini shule zisiwapokee wasafiri wakati wa likizo? Mwaka 1912 hosteli ya kudumu ilifunguliwa katika ngome ya Altena. Na huko Marekani, wakati mtu mweusi alipokuwa akifukuzwa mlangoni mwa hoteli kwa rangi yake, tarishi wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alianza mwaka 1936 kutoa kitabu cha kuwaonyesha wasafiri weusi nyumba zitakazowapokea kwa heshima. Mwuza duka, mwalimu, tarishi wa posta. Hakuna tajiri hata mmoja kati yao, wala hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Na hapa kwetu je? Waislamu wa jamaa za Kihindi, kama Mabohora, walijenga musafarkhana katika miji ya pwani ili jamaa zao wakisafiri walale kwa gharama ndogo. Ni nani atakayenena kwamba mfanyabiashara wa Kibohora hakuwa na fedha ya hoteli? Alikuwa nayo, na sababu moja ya kuwa nayo ni kwamba hakuitupa. Wamoravian waliingia Rungwe mwaka 1891, kisha wakafika Mbozi, na tangu zamani za misheni msafiri mwenye staha hakukosa mahali pa kuweka kichwa. Aliyefika Dar es Salaam azijua nyumba za YMCA na YWCA, na Msimbazi Centre ya Wakatoliki kule Ilala. Askari, wauguzi, walimu na wachungaji hulala humo, wakaamka asubuhi wakaenda kazini, na heshima yao wanayo.

Lakini nisiseme upande mmoja tu kama wakili wa kulipwa. Hosteli zetu zina kasoro, na asiyezitaja hataaminiwa. Ziko zisizobadilisha shuka mpaka mgeni aulize. Ziko zenye komeo bovu, hata mtu hulala na mkoba wake chini ya kichwa. Ziko zinazofunga lango mapema, na mtumishi aliyechelewa kazini hugonga kama mwizi. Na mabibi wenzetu, watumishi wa kike, wana neno lao ambalo sisi wanaume twalipita haraka: bibi hawezi kuambiwa alale popote palipo rahisi. Ataka mlango unaofungika kwa ndani, bafu isiyo ya pamoja na wanaume, na lango lenye mlinzi anayemjua mgeni na asiye mgeni. Haya si anasa. Ikiwa mahali hapana hayo, basi si rahisi, hata kama bei yake ni ndogo. Lakini dawa ya komeo bovu ni fundi. Si kukimbilia chumba cha mafungu 7.

Wengine husema, "Mimi silali hotelini wala hosteli, nalala kwa ndugu." Ndugu ni jambo jema, nasi si watu wa kuhesabiana ugali. Lakini wahenga walikwisha tuonya juu ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wa Tunduma ana chumba kimoja na watoto wanne. Ukija, watoto hulala chini jikoni. Na wewe kwa haya utanunua sukari, mchele na nyama, utamwachia shangazi nauli, utamtoa mtoto fedha ya daftari. Siyalaumu hayo, lakini mtu asiseme amelala bure.

Sasa nageukia wakubwa wetu, kwa adabu lakini bila kuuma maneno. Kosa si la karani peke yake. Mara ngapi mtumishi huambiwa, "Tangulia, posho utalipwa ukirudi"? Hutangulia na nini? Msamaria mwema yule alipomfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni, alimlipa mwenye nyumba fedha mkononi, kisha ndipo akaahidi nyongeza atakaporudi. Hakuanza na ahadi. Ofisi inayomtuma mtu mpakani mfuko mtupu imemkabidhi kwa watu wema niliowataja juu, kisha ikirudi humhubiria uadilifu. Mahubiri hayo hayafai. Posho ikitangulia mbele ya safari ni ngao. Ikifuata nyuma ya safari ni kulipa deni ambalo huenda limekwisha kulipwa na mwingine kwa namna nyingine.

Tena wakubwa hao hao hufanya mikutano katika hoteli kubwa, na mdogo huona na kujifunza. Mtoto huiga mwendo wa mzazi. Karani akiona kwamba cheo hupimwa kwa urefu wa ghorofa, naye atapanda ngazi, hata kama ngazi si yake.

Basi yatupasa kufanya nini? Sisemi serikali itujengee. Nasema chama chetu kifanye mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tufanye orodha. Kila tawi lipeleke watu wawili, mmoja wao bibi, wakague hosteli na gesti za mji wao: shuka, komeo, maji, choo, lango, bei. Majina ya nyumba njema yaandikwe, yabandikwe katika kila ofisi, na yakaguliwe tena kila mwaka. Tarishi mmoja wa Harlem aliweza kuanza kazi hiyo kwa nchi kubwa kama Marekani. Sisi hatushindwi kwa Vwawa, Tunduma, Itumba, Chitete na Mkwajuni.

Pili, tukaseme na wenye hosteli, za makanisa na za watu binafsi, ili mwanachama mwenye kitambulisho apewe bei moja isiyopanda foleni ya malori inaporefuka. Nasi tuwaahidi jambo moja wanalolipenda: wageni wanaolipa siku ya kuingia, wasiovunja vitu, wasioleta ugomvi wa ulevi usiku.

Tatu, tuombe kwa barua moja yenye sahihi zetu sote kwamba mtumishi asisafiri kabla ya posho yake kutoka. Barua ya mtu mmoja ni manung'uniko. Barua ya wote ni hoja.

Nne, na hili ndilo gumu, tukubaliane sisi kwa sisi kwamba mwanachama hatalipiwa chumba, wala chakula, wala nauli, na mtu yeyote ambaye karatasi yake iko mezani pake. Na akikuta amelipiwa bila kujua, alipe tena mwenyewe, adai risiti, na mwenye hoteli arudishe ile ya kwanza kwa aliyeitoa. Asiye na fedha ya kufanya hivyo amwambie mwenziwe aliye naye safarini, na mwenziwe asinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Atakayesema kwamba chama cha makarani hakiwezi mambo ya namna hii, nitamkumbusha mambo mawili. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake, makarani na walimu, walianzisha chama cha watumishi Waafrika pale Tanga, bila mtu wa kuwashika mkono. Na ng'ambo ya mpaka huu huu, upande wa Nakonde, katika misheni ya Mwenzo, watu wachache akiwamo Donald Siwale, mwalimu aliyepata pia kuwa karani wa serikali, walianzisha chama chao cha ustawi mwaka 1912, na kilipolala wakakifufua mwaka 1923. Wao hawakuwa na gesti wala hoteli ya kugombania. Walikwenda kwa miguu, wakalala walipopata. Lakini walikuwa na sahihi zao, nazo hazikuwa za kukodishwa.

Nami sitaki mtu anifahamu vibaya. Mwenye fedha yake halali akitaka kulala ghorofani, na alale, nitamtakia usingizi mwema. Ugomvi wangu si na godoro laini. Ugomvi wangu ni na ile sauti ya upole mezani iliyosema, "Ya kwako imekwisha kulipwa." Natamani mwanachama wa chama hiki akiisikia sauti ile aweze kujibu bila kutetemeka, "Haijalipwa. Nitailipa mimi." Na ili aweze kujibu hivyo, sharti alale mahali ambapo mfuko wake wafika.

Nimemaliza. Mwenye jibu na ajibu, na safari ijayo ya Tunduma tukutane hosteli. Kitanda cha pili chumbani mwangu ki wazi.

Ni mimi wako mtiifu,
Karani wa Mpakani